Mwenyekiti Aliyenyimwa Salamu

Siku ya kuniaga, pale ukumbini Kalangalala, niliahidiwa nafasi ya kuwaasa watendaji wa vijiji walio vijana. Mgeni rasmi akazungumza kuhusu kuheshimu muda wa wananchi mpaka wahudumu wakaanza kukusanya sahani, na zamu yangu ilipofika MC akasema, "Mama yetu atatusalimia tu." Nikasalimia. Nikapewa saa ya ukutani, makofi yakapigwa, nikaketi. Haya ninayoandika ndiyo niliyotaka kuyasema siku ile, na humu hakuna MC wa kunikatisha.

Ya vyeo na mishahara nayaruka. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua wenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Kolandoto, na kazi niliyofanya ni moja tu: mtendaji wa kijiji, yule anayelaumiwa na serikali kwa niaba ya wananchi na kulaumiwa na wananchi kwa niaba ya serikali.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kijiji cha wachimbaji wadogo, huko Geita. Mzee Ndaki, mtendaji aliyekuwa anastaafu, alinikabidhi ofisi: meza moja, benchi, mhuri, filimbi, na kipaza sauti cha mkononi ambacho hakikutoa sauti mpaka ukizabe kibao. "Mhuri usimwachie mtu hata ukienda chooni," aliniambia. "Filimbi waachie wote, maana hakuna anayeisikia." Nikadhani ananitania. Baadaye niligundua kwamba mzee yule hakuwa na muda wa utani; alikuwa amechoka tu.

Wiki hiyohiyo wachimbaji walichagua kamati yao. Wagombea uenyekiti walikuwa wawili, wote wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, na kura ilikuwa ya kupanga mstari: ukimtaka huyu, simama nyuma yake. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa kimejaa ridhaa ya umma na uhalali wa madaraka. Nikasimama pembeni nikiwa na furaha ya mtu anayeona demokrasia kwa macho yake. Mzee Ndaki yeye alitazama juu, akatazama ukuta wa ofisi, akaninong'oneza, "Atashinda wa kushoto." Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Kivuli kiko kushoto." Na kweli, jua la Geita lilipokolea watu walianza kuhama mmojammoja, wengine wakijifanya wanafuata kiberiti, na wa kushoto akashinda kwa kishindo. Hotuba yake ya ushindi ilisema wananchi wamechagua sera.

Tangu siku hiyo, kila nilipoandaa uchaguzi nilianza kwa kutafuta kivuli na kuhakikisha kila mgombea amepata chake, au wote wanaungua sawasawa. Hilo hamtafundishwa chuoni, kwa hiyo lishikeni.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Shinyanga, kijiji kimoja upande wa Didia. Jina lake silitaji kwa sababu wahusika wana namba yangu ya simu. Huko ndiko nilikokutana na Mwenyekiti Mabula.

Mabula hakuwa mwizi, na nalisema hilo mapema kwa sababu mtu akisikia habari za mwenyekiti hukimbilia kufikiri hivyo. Alikuwa mchapakazi, mkulima wa pamba na mpunga, na alimtunza mama yake mzazi, bibi mmoja aliyekuwa hatoki tena kitandani. Tatizo lake lilikuwa uenyekiti wenyewe. Alikuwa na kiti cha plastiki cha bluu chenye mikono, ambacho alikwenda nacho kila mkutano, kwa sababu viti vya ofisi havikuwa na mikono, na yeye aliamini mwenyekiti asiye na pa kuegemeza viwiko hawezi kuamua jambo zito. Na alipenda kuhutubia. Misibani alihutubia kuliko mchungaji. Nimewahi kuona wachimba kaburi wanafukia polepole huku wakimtazama, wakiomba Mabula amalize kabla udongo haujaisha.

Basi ukatokea mtindo wa vijana kukwepa mazishi. Kijijini kwetu mazishi ni kazi ya watu wote: wanaume wanachimba, wanawake wanateka maji na kuleta kuni, na kila nyumba inaonekana. Mabula akaleta hoja mkutano mkuu wa kijiji kwamba anayekwepa mazishi apigwe mchenya. Hiyo ni adhabu ya kimila. Mtu akipigwa mchenya hasalimiwi, hauziwi kitu, mashine haimsagii mahindi, hakuna anayekanyaga kwake, na akifiwa anazika mwenyewe, mpaka achinje ng'ombe alishe kijiji na mkutano mkuu umsamehe.

Mimi nikiwa katibu wa mkutano niliinuka. "Mwenyekiti, sheria ndogo ya kijiji lazima ipitie halmashauri. Halafu mtu haadhibiwi kabla ya kusikilizwa."

"Mtendaji, hii si sheria. Hii ni mila."

"Kama ni mila, kwa nini niiandike?"

"Ili isisahaulike." Watu wakacheka. Yeye akaona kicheko kinampa nguvu, akasimama juu ya kile kiti chake cha bluu. "Tena andika hivi: hata awe nani! Hata awe tajiri, hata awe mwalimu, hata awe mimi mwenyekiti wenu! Asipoonekana mazishini, mchenya ulale naye!"

Sijawahi kusikia makofi ya namna ile. Mikono ilinyooshwa yote, na wengine walinyoosha miwili. Mzee Maganga, aliyeshindwa na Mabula katika uchaguzi na ambaye hakuwahi kukubaliana naye hata kuhusu leo ni siku gani ya juma, siku hiyo alisimama akamkumbatia. Hapo ningepaswa kushtuka.

Kiangazi hicho Mabula akaitwa semina ya utawala bora Shinyanga mjini. Mada ilikuwa "Kiongozi Msikivu", na washiriki waliagizwa kuzima simu. Mabula alitii. Mke wake alikuwa Geita kwa binti yao aliyejifungua, na shangazi mmoja aliachiwa yule bibi amtunze. Akiwa huko semina, Mzee Luhende, jirani yake wa karibu, akafariki ghafla. Tulimpigia Mabula mpaka betri zetu zikaisha. Tukazika kesho yake. Udongo ulipokwisha kuwekwa, Mzee Maganga akauliza kwa sauti laini kabisa, "Jamani, mwenyekiti wetu yuko wapi? Nimemtafuta nimpe nafasi ya kuhutubia." Palepale makaburini azimio likakumbukwa neno kwa neno. Nikasema tumsubiri tumsikilize. Wakaniambia azimio halisemi habari ya kusubiri, na mimi ndiye niliyeliandika.

Alirudi kesho yake, amevaa fulana mpya na kofia ya semina, zote zimeandikwa "Kiongozi Msikivu" kwa herufi kubwa. Akaanza kusalimia tangu barabarani. Wanawake waliokuwa wakianua michembe, vile viazi vya kukaushwa, wakainama zaidi kwenye michembe yao. Kijana mmoja alipaswa kumwamkia shikamoo, akageuka akaamkia mbuzi. Fundi baiskeli alimtazama, akafumba macho, akaendelea kuziba pancha akiwa amefumba. Mabula aliniambia baadaye kwamba mwanzoni alidhani wanaionea wivu ile fulana.

Shangazi naye, aliposikia habari, alifunga mzigo wake akaondoka.

Mabula aliingia ofisini kwangu jasho linamtoka. "Mtendaji, na wewe hunisalimii?"

"Karibu, Mwenyekiti. Mimi wamesema hainihusu." Hilo lilikuwa kweli. Kwa watu wale, wakati wa adhabu mtendaji alikuwa mgeni, na wakati wa kubeba maji msibani alikuwa mwenyeji. Nikamweleza yote. Akapiga meza.

"Huu ni uonevu! Mtu anaadhibiwaje bila kusikilizwa?"

"Ndivyo nilivyosema mkutanoni."

"Kwa nini hukusema kwa sauti?"

Nikamimina chai nikampa.

Vijana wangu, mtaniuliza kwa nini sikuandika barua kwa mtendaji wa kata ili polisi waje waondoe ule mchenya siku hiyohiyo. Nilimshauri hivyo. Mabula alikataa. "Nisalimiwe kwa amri ya polisi? Salamu gani hiyo?" Nikamheshimu kwa jibu hilo kuliko kwa hotuba zake zote. Mtu unaweza kumlazimisha alipe kodi na ajenge choo, lakini ukimlazimisha akujulie hali, hali yako ndiyo inazidi kuwa mbaya.

Zikapita siku ambazo sizitamani. Mashine ya kusaga ilikuwa nzima kwa kila mtu na mbovu kwa Mabula. Alipika mwenyewe, na moshi wa jiko lake ulijaa njiani kiasi kwamba wapita njia walikohoa, ila hakuna aliyeuliza kunaungua nini. Mimi nilimsagia unga nikampelekea. Nilimkuta anamgeuza mama yake kitandani ili asipate vidonda, na mikono ile iliyozoea kuegemea plastiki ilikuwa inafanya kazi hiyo kwa upole ambao sikuutegemea. Zamani wanawake walikuwa wanashinda na bibi yule kila alasiri, wanachambua choroko na kusengenya. Sasa uani palikuwa na kuku tu.

Alinitoa nje akasema kwa sauti ya chini, "Mtendaji, mama anadhoofika. Akinifia sasa hivi, nitachimba peke yangu. Nitambeba vipi peke yangu?" Akaanza kulia. Mimi si mtu wa kulia kazini, lakini siku hiyo nilishindwa.

Dawa ilikuwa mkutano mkuu, na hapo ndipo tulipokwama. Mkutano mkuu wa kijiji huongozwa na mwenyekiti. Nilipuliza filimbi, nikazaba kipaza sauti kibao, na watu wakaja wengi kuliko wakati wa kugawa mbegu. Mabula akaweka kiti chake nyuma ya meza, akaketi, akasema, "Nafungua mkutano." Kimya. "Wanaokubali agenda wanyooshe mikono." Kimya, maana kumjibu aliyepigwa mchenya ni kosa. Mwanamke mmoja akanigeukia mimi. "Mtendaji, kuna sauti inatoka pale mezani. Ni redio?"

Nikawaeleza utaratibu: mwenyekiti asipokuwepo, mkutano unachagua mwenyekiti wa muda. Mzee Maganga akanyoosha mkono haraka. "Lakini yupo. Sisi hatumsikii, lakini tunamwona. Hatuwezi kusema hayupo."

Kwa hiyo kijiji kikawa na mwenyekiti aliyepo ambaye hawezi kuongoza, na asiyeweza kusamehewa mpaka mkutano uongozwe. Nilikumbuka vitabu vyangu vya chuo. Hakuna hata kimoja kilichofika hapo.

Nikamnong'oneza, "Mwenyekiti, ondoka. Nenda nyuma ya ofisi. Ukitoka watachagua wa muda, shauri lako litasikilizwa."

"Watamchagua Maganga."

"Pengine."

"Akishakaa hatoki! Namjua."

"Ni wa muda."

"Mtendaji, hata mimi nilianza kwa kukaimu."

Akakishika kiti mikono yote miwili. Nikasimama pale naona mtu mzima, baba wa watoto, ananyimwa unga na salamu, na bado anaona afadhali awe mwenyekiti asiyeongea na mtu kuliko mtu anayeongea na watu. Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mtumishi wa umma hapaswi kumwambia mwenyekiti wake. "Mabula, hicho kiti kitakusaidia kubeba jeneza?"

Akakitazama kiti. Halafu akasimama, akaenda nyuma ya ofisi. Alitaka kwenda na kiti, akageuka, akakirudisha.

Walimchagua Maganga, kwa kweli. Alijipangusa suruali kabla ya kukaa, akajaribu mkono mmoja wa kiti, akajaribu wa pili, nikaona sura yake inabadilika. Amri yake ya kwanza iliagiza maji ya kunywa. Ya pili ilitaka watu waache kumwita Maganga. Ya tatu ilisema mshtakiwa aletwe, na katika muda wa kujitetea aruhusiwe kusikika, ila kujibiwa hapana.

Mabula akasimama mbele, chini, mikono mitupu, na ile fulana yake. Nilitegemea hotuba. Akaanza vizuri kwa "itifaki imezingatiwa", halafu akapotea.

"Nilikuwa semina," alisema. "Simu tulizimishwa."

Kijana wa bodaboda akasahau amri. "Mlifundishwa nini?"

Mabula akafikiri. Tuliona kabisa anafikiri. "Siku ya pili kulikuwa na kuku," akasema. Mkutano ulicheka mpaka Maganga akagonga meza, akamwaga maji yake.

Kicheko kilipotulia, Mabula akasema, "Chekeni tu, nimestahili. Mimi ndiye niliyewafanya mnyooshe mikono. Kunyimwa unga si kitu, nimeshavimbiwa viazi. Lakini mama yangu kila alasiri ananiuliza watu wako wapi. Sikuweza kumwambia mwanawe ametengwa. Nikamwambia wako shambani wanapalilia."

Hapo hakuna aliyecheka. Ilikuwa kiangazi, ardhi imepasuka mpaka ng'ombe wanajikwaa. Hapakuwa na jani la kupalilia kuanzia pale mpaka Shinyanga mjini.

Ndipo Mama Kulwa, mjane wa marehemu Luhende, akasimama kutoka nyuma. Tangu msiba alikuwa ndani, amefunikwa na matanga, na ndiyo kwanza anaonekana hadharani.

"Nimesikiliza," alisema. "Mnamwadhibu huyu kwa ajili ya mume wangu. Aliyefiwa ni mimi. Nani alikuja kuniuliza?"

Wote tulikuwa tumesema: waliotaka mchenya, mimi na sheria zangu, Maganga na sauti yake laini. Kuhusu mjane hakuna aliyefikiri, hata mimi, na bado naona aibu nikikumbuka.

"Ningewaambia," akaendelea, "kwamba Luhende alikuwa akimwomba Mungu huyu mtu asihutubie msibani kwake. Alisema, 'Mke wangu, Mabula akianza, nitachelewa kufika.' Sasa mzee amekwenda kimyakimya kama alivyotaka. Nyinyi mnataka ng'ombe wa nini?"

Nilimwona mchungaji anacheka amejificha nyuma ya kofia. Mama Kulwa hakucheka. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, akasimama karibu na Mabula.

"Mwadila, baba," akamsalimia.

Mabula akafungua kinywa kuitika, sauti ikakataa. Yule aliyehutubia kuliko mchungaji alishindwa kuitika salamu ya mchana.

"Bado!" Maganga akapiga kelele. "Mama Kulwa, unavunja utaratibu! Hatujapiga kura! Mimi kama mwenyekiti—" Lakini watu walikuwa wameshanyoosha mikono, na hakuna aliyewauliza swali. Nilihesabu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mkono uliobaki chini ulikuwa wa Maganga, na si kwa kupinga. Alikuwa amekishikilia kiti.

Ilibidi tumwahidi uenyekiti wa kamati ya maji ndipo akakiachia. Azimio la mchenya halikufutwa. Mabula mwenyewe alitoa hoja lifutwe, na watu waliokuwa wamemsamehe dakika hiyohiyo wakamkatalia, wakasema walilipenda. Walichokubali ni kuongeza kwamba mtu asikilizwe kwanza, na mfiwa aulizwe. Halmashauri nao waliliona baadaye na kulikataa lote, kama ilivyopaswa, na kijiji kikaendelea nalo kama kawaida. Msidhani nasimulia habari za ushindi.

Mkutano ulipofungwa hakuna aliyekwenda kwake. Wanawake walitangulia, Mama Kulwa akiwa mbele, mmoja amebeba unga, mwingine choroko, na wanaume nyuma wakijifanya wana safari zao upande huo. Nami nilifuata. Tulijaa katika chumba cha yule bibi mpaka wengine wakabaki dirishani. Alikuwa amelala anatazama paa. Akageuza kichwa taratibu, akatupitia mmojammoja, akamwangalia na mwanawe aliyesimama mlangoni hajui aweke wapi mikono.

"Mmetoka shamba?" akauliza.

Mama Kulwa ndiye aliyejibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ndiyo, mayu. Tumetoka shamba."

"Palizi imekwisha?"

"Imekwisha, mayu," chumba kizima kikaitikia, hata Maganga kutoka dirishani.

"Majani yalikuwa mengi?"

"Mengi sana, mayu."

Bibi akatazama nje, kwenye jua lile la kiangazi, kisha akatutazama tena.

"Waongo wakubwa nyie," akasema. "Haya, kaeni."